Bwana Stambuli Aipeleka Bendi Kilifi

Stambuli bin Msellem wa Shella, Malindi, alijaliwa vipaji viwili: kupuliza tarumbeta na kudharau watu. Cha kwanza alikosa nafasi ya kukitumia kwa miaka mingi. Cha pili alikifanyia mazoezi kila uchao. Akitoka nyumbani asubuhi alianza na jirani yake muuza samaki, kwamba ananuka. Akafuatia fundi cherehani wa kona, kwamba hanuki, amejimwagia marashi kama biharusi. Akifika barabara ya lami keshaimaliza Shella nzima, amebakiwa na wapita njia tu, na hao nao hakuwasamehe.

Sitaki kuambiwa namsingizia mtu. Yeye mwenyewe aliyasema haya waziwazi, tena kwa sauti, kwa kuwa aliamini kwamba mtu akidharauliwa na mjuzi amepata faida ya bure.

Katika ujana wake alikwenda bara akaandikwa katika bendi ya askari. Alikaa huko miaka kadhaa, akarudi na sare nyeupe yenye vifungo vya shaba, na itikadi kwamba kutoka Lamu mpaka Vanga hakuna mwingine anayejua muziki. Ubaya ni kwamba itikadi hiyo haikuwa mbali na kweli. Mjinga anayejiona hodari huchekwa akapona. Hodari anayejijua hana dawa.

Lakini sare hailiwi. Bendi ya pekee mjini ilikuwa ile ya harusi ya Omar, kaka wa mkewe Bi Nana. Tarumbeta Omar aliipuliza mwenyewe, tena vibaya, mashavu yametuna na macho yamemtoka pima. Shemeji yake alimpa ngoma kuu. Mpiga ngoma kuu huibeba tumboni na kutembea mwisho wa msafara, nyuma ya kila mtu. Basi miaka nenda miaka rudi, katika harusi za Malindi na Mambrui na Takaungu, mpuliza tarumbeta bora wa pwani alitembea nyuma ya mgongo wa Omar akipiga du! du! kwa rungu la sufi, huku akisikiliza nyimbo zikichinjwa mbele yake bila hata kuelekezwa kibla.

Akirudi nyumbani alimwambia mkewe, "Nana, kaka yako leo kanitia maradhi."

"Na pesa za maradhi umezipokea?" Bi Nana angeuliza.

Bahati ikaja mwaka wa themanini na sita. Mfumo mpya wa masomo ulikuwa umeingiza muziki darasani, na kila mwalimu mkuu aliyetaka kujulikana alitafuta kitu chochote kinachopiga kelele. Katika shule moja ya msingi ya hapo mjini, ambayo jina lake nitaliacha, kulikuwa na sanduku la vyombo vya bendi stoo. Aliyelitoa ni Mtaliana mmoja mwenye hoteli ya ufuoni, siku alipofunga ukumbi wake wa dansi. Mwalimu mkuu, Bwana Thuku, alikuwa mtu wa Nyeri, mwembamba, mpenda tai hata jua la Machi. Tarumbeta aliziita mabomba. Aliuliza mjini nani anaweza kuyaliza, akaelekezwa kwa Stambuli.

"Hayo mabomba yamekaa stoo mwaka mzima," Bwana Thuku alimwambia. "Mashindano ya wilaya ni Kilifi, mwezi wa sita. Ukitushindia, nitasimama mbele ya kamati ya wazazi mpaka wakuajiri kabisa, uwe mwalimu wa bendi. Ukishindwa, nafunga stoo, wewe unarudi kwa ile bendi yako ya harusi."

"Si yangu," alisema Stambuli. "Ni ya shemeji."

"Basi unarudi kwa shemeji."

Bwana Thuku hakujua amesema nini. Kwa Stambuli hayo hayakuwa masharti ya kazi, yalikuwa hukumu. Alimtazama yule mtu wa bara na tai yake, akamdharau kwa ukamilifu, akakubali.

Watoto aliopewa nusu walikuwa wa mjini, na nusu Wagiriama ambao wazazi wao walitoka Magarini na vijiji vya nyuma ya mji. Wa mjini aliwadharau kwa uvivu wao. Wa Kigiriama aliwadharau kwa kuzaliwa. Siku ya kwanza aliwapanga uwanjani, akapita mbele yao na fimbo yake ya kuongozea bendi, nyembamba, nyeusi, yenye ncha ya pembe.

"Nyinyi watoto wa nyika," alisema, "kwenu kuna muziki? Kwenu kuna mbuzi. Hapa hatupigi mbuzi. Na jambo la pili: mdomo wa mpuliza tarumbeta ni wa kupulizia. Nikisema nanyi mtajibu 'Ndiyo, mwalimu', na basi. Maneno mengine yote pelekeni kwa mama zenu."

"Ndiyo, mwalimu," walijibu.

Nao wakayapeleka kwa mama zao, kama walivyoagizwa.

Sasa nimpe haki yake. Kazi aliijua. Mtoto asiyejua kushika chombo alimshika vidole kimoja kimoja mpaka vikakumbuka vyenyewe. Alijua nani mapafu yake mafupi na nani meno yake yamepishana, na kila mmoja alimpa chombo cha kumfaa na tusi la kumfaa. Bora kuliko wote alikuwa msichana wa darasa la saba, Kabibi Kitsao, ambaye mama yake, Mapenzi, aliuza mabuyu na muhogo wa kukaanga nje ya lango la shule. Kabibi alikuwa na pumzi ndefu na sikio lisilosahau. Stambuli alimpa tarumbeta ya kwanza, ile inayobeba wimbo. Alimpa hivi: "Chukua. Mola hana upendeleo, hata ng'ombe kampa mapafu."

Mama Mapenzi alikuwa pale langoni na kapu lake. Alisikia. Akaendelea kumenya muhogo wake.

Kila bendi ilitakiwa kupiga nyimbo mbili Kilifi. Wa kwanza ulikuwa wa gwaride, uliochaguliwa na wenye mashindano, na huo watoto waliushika haraka. Wa pili ulitakiwa uwe wimbo wa kienyeji wa watu wa mahali, uliopangwa upya kwa vyombo vya bendi. Hapo Stambuli alikwama. Nyimbo za mjini alizozijua zote zilikuwa zimepita katika tarumbeta ya Omar. Akipiga mmojawapo, Omar atasema mjini kote, "Ule wimbo wangu shemeji kautumia," na kikombe kikipatikana kitakuwa nusu yake. Afadhali kula mchanga.

Siku moja baada ya mazoezi watoto walikuwa wakisugua vyombo kwa limau na majivu. Kabibi alisugua huku akiimba chini chini. Stambuli aliinua kichwa. Wimbo ulipanda, ukazunguka, ukashuka kwa hatua ambayo hakuitarajia, kisha ukarudi mwanzo ukiwa na njaa zaidi. Alikuwa hajasikia kitu kama hicho tangu ujana wake.

"Hebu wee. Nini hicho?"

"Wimbo, mwalimu."

"Nasikia kuwa ni wimbo, mimi si kiziwi. Wa wapi?"

"Wa kwehu, mwalimu. Lakini unaimbwa ka—"

"Nimekuuliza unaimbwaje? Nimekuuliza wa wapi. Uimbe tena, na safari hii toa sauti."

"Mwalimu, mama akisikia—"

"Bendi yangu hujibu vipi?"

Kabibi alitazama wenzake. Wale wa Kigiriama walikuwa wameacha kusugua.

"Ndiyo, mwalimu," alisema, akaimba.

Sipendi kumzungusha msomaji, kwa hivyo nasema sasa hivi. Wagiriama wakifiwa na mtu aliyekula chumvi nyingi, hulia kama watu wote. Kisha, katika hayo matanga, ambayo wenyewe huyaita hanga, wanawake husimama wakaimba nyimbo za utani mkali, na anayetaniwa ni mkwe. Wimbo una mahali pa kutia jina lake na kasoro yake yoyote inayoonekana siku hiyo: mguu mbovu, ubahili, kitambi. Mkwe hatakiwi kukasirika. Watu hucheka mpaka machozi yabadilike, na wafiwa hupata pumzi. Kwangu mimi ni desturi bora kuliko zetu nyingi za mjini, ambako mkwe husemwa vilevile ila kwa nyuma. Lakini ni nyimbo za hanga. Haziimbwi jikoni, haziimbwi njiani, wala mtoto haruhusiwi kuzigusa. Huo ndio wimbo ambao Stambuli aliupangia tarumbeta sita.

Jioni ile Kabibi alimweleza mama yake kwa hofu. Mama Mapenzi aliweka kisu chini.

"Kakuuliza unaimbwa wapi?"

"Nilitaka kumwambia, akanikataza."

"Basi tii mwalimu wako," alisema Mama Mapenzi. "Mtu anayewaita watoto wetu ng'ombe, na wimbo wa hanga kautaka kwa mdomo wake mwenyewe, mimi ni nani nimnyime?"

Tangu hapo mazoezi yalibadilika. Watoto wa Kigiriama, waliokuwa wakija kwa kujikokota, wakawa wa kwanza kufika. Ulipoanza wimbo wa pili waliupiga kwa bidii ya kutisha, wamejibana midomo mpaka mashavu yakawaiva, na mpiga ngoma mmoja alilazimika mara kwa mara kugeuka akakohoa. Nje ya lango akina mama wauzaji waliongezeka. Walisimama na leso mdomoni, mabega yakiwatikisika. Stambuli aliwaona, akafurahi kwa namna yake.

"Unajua, Nana," alimwambia mkewe wakila, "hata mtu wa nyika akisikia muziki wa maana huingiwa na kitu. Wanatetemeka, wallahi."

"Wanatetemeka au wanacheka?"

"Wewe ni dada wa Omar, huwezi kujua tofauti."

Mtu mmoja alijaribu kumwokoa, na kwa bahati mbaya mtu huyo alikuwa Omar. Alikuja shuleni alasiri moja, amevaa kikoi na kofia yake ya viua, akasimama kando mpaka wimbo ukaisha. Hakuwa mtu mbaya, Omar. Alipuliza vibaya tu, na hilo si dhambi ila mbele ya Stambuli.

"Shemeji," alisema, "huo wimbo mimi nimeupata kuusikia Magarini, nilipokwenda kumpa pole rafiki yangu. Si wimbo wa—"

"Umeusikia? Masikio yako yameanza kazi lini?"

"Nakwambia kama ndugu, Stambuli."

"Na mimi nakujibu kama ndugu. Umeona bendi ya kweli, roho inakuuma, unatafuta doa. Nenda kawapulizie wanaolipwa pilau kukuvumilia."

Omar aliuma mdomo. "Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mkuu ni nani hapo?" aliuliza Stambuli, akawageukia watoto wake.

Siku ya mashindano walikwenda Kilifi kwa lori la mzazi mmoja, watoto na vyombo mbele, akina mama wamejipakia nyuma na makapu yao. Stambuli alikaa karibu na dereva. Alikuwa ameivaa ile sare nyeupe ya ujana wake, iliyopigwa wanga na kunyooshwa, vifungo vya shaba vinang'aa mpaka vinachoma macho. Vifungo vya tumboni vilimbana kidogo. Alivishinda kwa kutopumua sana.

Uwanja ulifurika. Walikuwapo Wagiriama, Wachonyi na Wakauma kutoka kila upande, na watu wa Takaungu waliovuka kwa feri. Jukwaani alikaa mkuu wa wilaya, mtu wa bara aliyehamishiwa Kilifi karibuni, na kando yake chifu mmoja wa huko huko, Mgiriama mnene mwenye kofia ngumu ya serikali. Waamuzi walikuwa watatu: mama wa Kizungu, bwana mmoja kutoka Nairobi, na mwalimu wa Mombasa aliyekuwa akisinzia. Stambuli aliwatazama wote mara moja, akamaliza nao. Bendi zilizotangulia alizisikiliza amefumba macho kwa maumivu. Moja ilipiga filimbi za plastiki. "Hizi ni za kuitia kuku," alimwambia Bwana Thuku, ambaye alizipenda.

Ikafika zamu ya Malindi. Gwaride lilikwenda sawasawa, hatua na mdundo kama kitu kimoja. Katikati yake mpiga ngoma ndogo aliangusha kijiti. Stambuli, akiongoza kwa mkono wa kulia, aliinama akakiokota kwa wa kushoto na kumrudishia bila wimbo kuyumba. Nyuma yake alisikia watu wakiguna. Alijua wanastaajabia wepesi wake, akajisifu kimoyomoyo. Wimbo ulipokwisha watu walipiga makofi ya adabu, kama wanavyopigiwa wageni.

Akainua fimbo kwa wimbo wa pili. Kabibi akavuta pumzi.

Tarumbeta ile moja ilipotoka peke yake, uwanja mzima ulinyamaza kama uliomwagiwa maji. Wazee waliokuwa wamekaa walisimama. Watu walitazamana kuuliza ni nani aliyekufa. Kisha tarumbeta nyingine zikaingia, ngoma zikaingia, na katika mstari wa mbele Mama Mapenzi alijifunga leso kiunoni, akatoka, akapiga kigelegele na kuanza kuimba. Wanawake wa Malindi walimpokea. Mara wanawake wa Kilifi, wanawake wa Kaloleni, wanawake ambao hata hawakujua hiyo ni shule gani, wote waliitikia, kwa sababu kuitikia walikuwa wakikujua tangu utotoni.

Stambuli alikuwa amewapa mgongo, kama muongozaji wa bendi anavyopaswa. Hakuona. Lakini alisikia, na ndani ya sauti zile, mahali pale wimbo unapozunguka kabla ya kushuka, alisikia jina lake. Kwanza alidhani anaota. Wimbo ukarudi, nalo likarudi, safari hii kutoka vinywani mwa watu mia kadhaa: Stambuli! Mkewe hajapata kulitamka jina hilo kwa furaha namna ile.

Jukwaani mkuu wa wilaya alikuwa akipiga makofi kufuata mdundo. "Wanasema nini, chifu?" aliuliza.

Chifu alifuta macho kwa kitambaa. "Wanamsifu mwalimu, mheshimiwa," alisema.

Machozi yalimtoka Stambuli, nayo akayaacha yashuke mpaka kwenye kola. Zile harusi zote, lile rungu la sufi, ule mgongo wa Omar, vyote vilisahauliwa. Kwa muda wa wimbo ule mmoja hakumdharau mtu yeyote duniani. Aliwapenda hata wa Nairobi.

Walipotoka uwanjani kusubiri matokeo, Bwana Thuku alimjia mbio, tai imempanda begani. "Mwalimu! D.C. amesimama kwa ajili yetu! Na jina lako uwanja wote unalijua!"

"Watu hutambua," alisema Stambuli kwa upole. Akaona angependa kusikia sifa zile kwa ukamilifu, maana Kigiriama hakukijua, alikuwa hajaona haja. Akamwita Kabibi kando ya lori.

"Waliniimba. Walisema nini?"

Kabibi alitazama tarumbeta yake.

"Leo nakuruhusu. Sema neno kwa neno."

Msichana akasema, taratibu, kwa Kiswahili:

"Mkwe wetu Stambuli, simama tukuone. Mbele umejifunga vifungo vya shaba, nyuma umetuachia mlango wazi. Tuambie, wewe mwenye muziki, upepo ukiingia humo hulia sauti gani?"

"Mlango gani?" aliuliza Stambuli.

Kabibi alielekeza kidevu kwenye suruali yake. Stambuli alipeleka mkono nyuma. Mshono wa suruali ulikuwa umeachana kutoka kiunoni hadi chini kabisa, na upepo wa Kilifi ulikuwa ukipita humo bila kupiga hodi.

Mkono ule aliuacha huko huko.

"Na mkwe ni vipi?" alisema. "Mimi nimeoa kwenu?"

"Hujaoa, mwalimu. Ni wimbo wa hanga. Lazima mkwe awepo."

"Hanga? Matanga? Kafa nani?"

"Hajafa mtu, mwalimu. Nilitaka kukwambia siku ile."

Aliikumbuka siku ile. Alikumbuka vilevile leso zile langoni, na mabega yaliyotikisika, na Omar amesimama kando ya uwanja na kofia yake ya viua. Mtu anayedharau sana huwa hajiandai kwa siku hii. Akili yake haina chumba cha kuiweka. Alichotaka ni kupanda ndani ya lori, alale chali kwenye mbao za sakafu mpaka Malindi, na asiamke. Akaanza kuuendea mlango wa lori kwa kujikongoja upande upande kama kaa, mgongo kwenye bodi.

Hapo kipaza sauti kikalia. Bendi ya Malindi ilikuwa ya kwanza. Mama wa Kizungu alisema hajapata kuona muziki wa shule ukiwaunganisha watu namna ile. Kisha mkuu wa wilaya akachukua kipaza sauti mwenyewe.

"Kabla sijatoa hiki kikombe," alisema, "nataka Malindi waturudilie ule wimbo. Na mimi leo nitaimba na wananchi!"

Uwanja ulilipuka. Bwana Thuku alimshika Stambuli bega, amelowa jasho la furaha. "Umepata kazi, mwalimu! Mwenyekiti wa kamati yuko pale, ameniambia mwenyewe, Jumatatu unaanza. Haya, nenda upige."

"Siwezi."

"Huwezi vipi? D.C. amesimama! Mtu akimwaibisha D.C. hadharani, hata mimi kazi sina. Hiyo yako ndiyo usiizungumze."

Nyuma ya Bwana Thuku, katika watu waliokuja na basi kutoka Malindi, Stambuli alikuwa amemwona Omar. Omar hakuwa akicheka. Alikuwa amekwisha kutambua shida iko wapi, na alikuwa akija huku amelivua koti lake. Alifika, akamnyooshea. Lilikuwa koti refu la kahawia, kola imekwisha, harufu ya udi na ya pilau za watu. Lingefungwa kiunoni mara moja na kila kitu kingekuwa kimesitirika.

"Jifunge, shemeji," alisema Omar kwa sauti ya chini. "Hakuna atakayejua."

Uwanja wote ulijua. Hata hivyo lilikuwa neno la wema, na Stambuli alilisikia kuwa ni la wema. Aliutazama uso wa shemeji yake, mashavu yale yaliyolegea kwa kupuliza vibaya miaka yote, na kwa mara ya kwanza alikosa tusi lake. Mkono wake ulikwenda kidogo kwenye lile koti. Kisha aliona mbele yake harusi zote zijazo, na Omar akisimulia kwa huruma, tena kwa ukweli, jinsi alivyomsitiri siku ya Kilifi.

"Ahsante," alisema. "Rangi hainichukui."

Akatoka nyuma ya lori. Alitembea hadi katikati ya uwanja, kichwa juu, vifungo vinang'aa, hatua kwa hatua kama alivyofundishwa ujanani, na nyuma yake kicheko kilimfuata kama watoto wanavyomfuata mwendawazimu. Akina mama walikuwa wamekwisha kujipanga. Mama Mapenzi alimtazama akipita, na nadhani alitarajia kumwona amevunjika, maana alipomwona hajavunjika aliacha kucheka kidogo, akamwamkia kwa kichwa.

Watoto walikuwa wamesimama mahali pao, vyombo tayari. Hawakucheka hata mmoja. Walikuwa wameogopa, Kabibi kuliko wote.

Ili kuongoza bendi, mtu hana budi kuwageuzia watu mgongo. Stambuli akawageuzia. Akainua fimbo.

Safari hii aliyasikia maneno yote, na kila yaliporudi yalikuwa yameongezwa jambo jipya kuhusu suruali yake, na mkuu wa wilaya akiimba kwa sauti kuliko wote. Watoto walipiga. Walipiga kwa ule woga, na kwa aibu, na pengine kwa huruma, na ngoma zilishikana na matoazi kama ambazo hazikupata kuachana. Kabibi alipofika pale wimbo unaposhuka, alishuka taratibu zaidi kuliko mazoezini, kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwalimu wake alitega sikio kutafuta kosa, kama alivyotafuta maisha yake yote, na mpaka wimbo unakwisha hakupata hata moja.